Sauti Iliyoinua Mkono

Siku Mama Viti alipokutana na Kengele kwa mara ya kwanza, alikuwa amekwenda mnadani kununua sufuria. Wala hakuwa Mama Viti wakati huo. Alikuwa mwanamke wa kuuza chai kando ya stendi, mwenye sufuria iliyotoboka, ambayo kila alfajiri aliiziba tundu kwa kipande cha sabuni, na kila alfajiri chai ya kwanza ikatoka na povu. Alisimama nyuma ya umati, pesa ameifunga kwenye pindo, nia yake moja tu: sufuria, basi, arudi kazini.

Dalali alikuwa amepanda juu ya kreti la soda. Mtu mrefu, mwembamba, kikoromeo kinapanda na kushuka kama ndoo kisimani. Mkononi alishika kengele ya shaba yenye mpini wa mti, iliyotoka kwenye shule iliyokwisha kufungwa, na kwa ajili yake watu walikuwa wamemwita Kengele mpaka jina alilopewa na wazazi wake likabaki kwenye kitambulisho.

Wengi hudhani unadi ni kelele. Huyu hakuwa na kelele. Alikuwa na sauti inayoanzia chini, inakuja kama maji yanayopita chini ya mlango, na kabla hujaangalia miguu imekwisha kulowa. Alipofika kwenye viti vya plastiki, vyeupe, vilivyopachikwa kimoja ndani ya kingine mpaka vikawa nguzo, hakusema kwamba ni viti vizuri. Aliweka kiganja juu ya nguzo ya kwanza, akasema:

"Hapa amekaa babu wa bwana harusi. Hapa amekaa shangazi aliyenuna. Hapa kuna mtoto amesinzia, soda inamwagika. Watu wamekuja, jamani, wamevaa, wamesimama juani. Nani atawakalisha?"

Yule muuza chai akawaona. Aliwaona kweli: babu na fimbo yake, shangazi na mdomo wake. Aliona na turubai juu yao, na kivuli cha turubai, na yeye mwenyewe amesimama pembeni na funguo za stoo kiunoni. Alipozinduka mkono wake ulikuwa juu, kengele imekwisha kulia, na umati mzima umegeuka kumtazama.

"Dada, vyako hivyo," alisema dalali. "Utavibeba, au vitakubeba?"

"Kaka, mimi nimefuata sufuria."

"Sufuria imekwenda zamani. Wewe ulikuwa harusini."

Watu wakacheka. Kwenye mnada ule sheria ilikuwa moja, na hata mtoto aliijua: mkono ukionekana umeonekana, kengele ikilia imelia. Lakini muuza chai naye hakuzaliwa jana. Alibishana pale mpaka jua likahama upande, na alipoondoka alikuwa na viti, na mkokoteni wa kuvibebea, na sufuria ya mtu mwingine ambayo dalali alilazimika kuiongeza juu ili apate nafasi ya kunadi kitanda. Hivyo ndivyo Kengele alivyopata habari za mwanamke huyo, na hivyo ndivyo muuza chai alivyogeuka Mama Viti.

Biashara ilishika. Penye harusi, penye msiba, penye mkutano wa wazazi shuleni, viti vilikuwa vyake. Akaongeza turubai, akaongeza spika mbili na maiki. Mke wa Kengele, fundi cherehani wa pale nyuma ya soko, ndiye aliyemshonea vitambaa vya kuvalisha viti, wakazoeana, wakaitana dada. Na kwa kuwa yule ni dada, basi Kengele akawa shemeji.

Nyumbani Kengele alikuwa bubu. Mke wake alisema hivyo bila haya: "Sauti anaiacha sokoni, huku ananiletea koo." Alikunywa maji ya vuguvugu, akajibu kwa nyusi. Sokoni kila kitu cha watu kilipita chini ya kiganja chake: makabati ya waliohama, magodoro ya waliokufa, redio, ng'ombe mmoja aliyekuwa akimlilia ndama aliyeuzwa mbele yake. Kabla ya kunadi aliweka kiganja juu ya kitu, afumbe macho kidogo, ndipo aanze. Ukimuuliza anaona nini, anakujibu, "Naona kitakachofanya huko kinakokwenda." Na ukimuuliza kama kimeibwa, kama kina kasoro, kama mwenyewe alilia kukitoa, anakujibu neno ambalo madalali wote wanalo: "Dalali hauzi kitu chake."

Kisha koo likaanza kukwaruza. Kwanza akadhani ni vumbi. Daktari akatia kioo kidogo mdomoni, akatazama. Kuna kitu kimeota juu ya nyuzi za sauti, akamwambia. Kitakatwa. Baada ya hapo sauti inaweza kurudi, inaweza isirudi, inaweza kurudi ya mtu mwingine. Kwa sasa asiitumie, maana iliyobaki ni kidogo.

Mama Viti alipoambiwa, alikuwa amekaa barazani kwa fundi cherehani, anakagua mishono. Hakushika kichwa. Alimtazama shemeji yake kama mtu anayetazama gunia lililotoboka.

"Kidogo, kiasi gani?"

"Mnada mmoja," Kengele alinong'ona. "Labda na nusu."

"Basi huo mmoja nipe mimi."

Fundi cherehani alisimamisha mashine. "Dada! Mtu anaumwa."

"Anaumwa, nami namwombea. Lakini mnada mmoja upo, na usipotumika utakwenda na kisu. Bora nani auchukue?"

Na shida yake ilikuwa ya kweli. Viti vile vya kwanza vilikuwa vimechoka, vingine vimepauka, na wenye harusi siku hizi walitaka viti vya mito. Vya mito alikwisha kuviagiza. Mwenye navyo alikuwa anavishusha Jumamosi jioni, na stoo ilikuwa moja, imejaa mpaka mlangoni. Vya zamani visipotoka Jumamosi asubuhi, vipya havina pa kuingia, na mwenye navyo alikuwa na wateja wengine wanaomngoja. Na viti vilivyopauka hakuna awezaye kuviuza kwa sifa za viti. Anayeweza ni yule tu anayeweza kumkalisha babu wa bwana harusi juu yake.

Kengele alifikiri, akanyanyua nyusi. Wakapeana mkono. Jumamosi.

Ilikuwa wiki hiyohiyo Mkutubi wa maktaba ya mtaa alipoanza kupita nyumba kwa nyumba. Mkutubi alikuwa mwanamke mfupi, mwenye miwani iliyofungwa uzi, na kila mwaka alikuwa na jambo lake moja lisilobadilika: hotuba. Ilikuwa hotuba ya kale, ya mtu aliyezaliwa utumwani akajitoa humo kwa miguu yake, kisha akasimama mbele ya watu waliokuwa bado wananunua watu, akawaambia ukweli machoni pao. Kila mwaka watu wa mtaa waliisoma kwa sauti kwenye ua wa maktaba, Ijumaa alasiri, fungu kwa fungu, kila fungu na msomaji wake. Hakuna aliyelipwa. Muuguzi alisoma, fundi baiskeli alisoma, muuza samaki alisoma huku ananuka samaki. Mwaka huo Mkutubi alimfuata Kengele amwombe kengele tu, ya kuwaita watu waje.

"Kengele nitakuja nayo," alisema Kengele kwa mnong'ono. "Na fungu nataka."

"Fungu gani, mzee wangu?"

"La mnada."

Mkutubi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Fungu la mnada, pale yule mtu anaposimulia alivyouzwa, lilikuwa fupi na zito, na kila mwaka alikuwa akilisoma yeye mwenyewe haraka haraka, kama mtu anayekunywa dawa. Akampa.

Habari zikamfikia Mama Viti kabla ya jua kuzama. Alimkuta Kengele uani anamwagilia miche ya mke wake kwa kopo.

"Shemeji, sauti ya Jumamosi ni yangu. Hiyo ya Ijumaa unaitoa wapi?"

"Kwenye ile nusu."

"Nusu ni akiba. Mtu haanzi siku kwa kula akiba. Una nini na hotuba wewe? Mwaka jana ulikaa nyuma ukasinzia."

"Nilisinzia, lakini niliposikia lile fungu niliamka." Akaweka kopo chini. Alizungumza polepole, mapumziko katikati ya maneno, na Mama Viti ilimbidi asogee. "Yule mtu anasema aliyemnadi hamkumbuki uso. Anakumbuka sauti. Anasema ilikuwa sauti nzuri, na yeye alikuwa mtoto, na alijivuna, maana ile sauti ilikuwa inamsifu yeye. Umesikia? Alijivuna."

"Nimesikia. Kwani wewe umewahi kuuza mtu?"

"Sijauza."

"Basi?"

"Basi sijaletewa."

Mtu wa biashara akibanwa hahamaki, hubadilisha mazungumzo yawe masharti. Sawa, alisema, asome. Lakini kwenye mazoezi yote anong'one, asipandishe hata silabi. Na siku yenyewe asomee kwenye maiki, mdomo karibu, sauti ya kumwambia mtu siri. Spika atazileta yeye Mama Viti, na viti atavileta yeye.

Mkutubi aliposikia kwamba viti vinakuja, alishtuka kama anavyoshtuka yeyote anayemjua Mama Viti. "Kwa bei gani, dada?"

"Bure."

"Bure?"

"Usinitolee macho. Nalinda mali yangu."

Kwa hiyo mazoezi yakafanyika, na Kengele akanong'ona. Alisoma fungu la mnada kama mtu anayesoma maelezo nyuma ya chupa ya dawa ya kikohozi. Muuza samaki akamtania: "Leo Kengele amelowa! Mzee, hata kambale hununui kwa sauti hiyo!" Kengele akatabasamu. Mkutubi alisema amesoma kwa unyenyekevu, na akamshukuru. Basi hakuna aliyejua, wala yeye mwenyewe hakujua, koo lile lingeyafanya nini maneno yale siku likiachiwa.

Ijumaa alasiri Mama Viti alifika mapema kupanga. Ua wa maktaba ulikuwa na ukuta wa chokaa na mwanga wa rangi ya chai ya maziwa. Alipanga safu baada ya safu, akarudi nyuma kutazama, na kwa kitambo, kabla mtu yeyote hajaingia, aliona vimekaliwa. Babu alikuwepo. Shangazi alikuwepo, bado amenuna. Miaka yote hiyo hajapata la kumfurahisha. Upepo ulipita katikati ya miguu ya viti, vumbi likanyanyuka kidogo likakaa tena, na Mama Viti, ambaye hakuwa mtu wa kuona mambo, akapangusa macho kwa kiganja akasema ni uchovu.

Kengele akapiga kengele yake mlangoni. Watu wakaja, wa sokoni wengi wao. Kengele ile waliizoea, miguu yao iliwaleta kabla hawajakumbuka ni ya nini.

Usomaji ulianza. Muuguzi alisoma habari za mama wa yule mtu, na sauti iliyozoea kuwaambia watu "haiumi" ikawa inasema jambo linaloumiza bila kupinda. Fundi baiskeli alisoma na kidole chini ya mstari, kila neno analikaza kama nati. Wale uliozoea kuwasikia wanakutajia bei ya mnyororo walikuwa wanakutajia usiku wa kutoroka, mto, mbwa. Maneno yale ya kale yalipita ndani ya sauti za majirani, na majirani wakaonekana kama watu wa mbali, na watu wa mbali wakaonekana kama majirani. Mama Viti alikaa safu ya nyuma, karibu na waya wa spika, sikio kwenye spika kuliko kwenye hotuba.

Zamu ya Kengele ilipofika, alisimama nyuma ya meza ndogo, kengele ameiweka upande wa kulia, kama alivyozoea. Akasogeza mdomo kwenye maiki.

"Walinisimamisha juu ya meza ya seremala," alisoma, siri tupu. "Nilikuwa na umri wa kutoelewa."

Vizuri, alisema Mama Viti moyoni. Hivyo hivyo.

Umeme ukakatika. Spika zilishusha pumzi moja ndefu, zikafa.

"Hatusikii!" walisema wa pembeni. "Huku nyuma hatusikii, mzee!"

Mkutubi akanyanyuka, akamnyooshea mkono apokee karatasi, amalizie yeye. Mama Viti naye alikuwa amekwisha kusimama. Alitikisa kichwa kwa nguvu kumwonyesha shemeji yake: mpe, mpe, kaa. Kengele aliwatazama wote wawili. Akaitazama maiki, akaiweka chini taratibu kama mtu anayelaza kitoto. Kisha akaweka kiganja juu ya karatasi, akafumba macho kidogo.

Na Mama Viti akajua yamekwisha.

Sauti ilikuja kutoka chini, kama zamani, kama siku ya sufuria. Koo lile lilikuwa na njia moja tu ya kufikia watu wa nyuma, nalo likaishika. "Aliyeninadi simkumbuki uso. Nakumbuka sauti. Ilisema: Tazameni mikono hii! Tazameni mgongo huu, jamani, haujawahi kulala mchana!" Watu wa sokoni wakatabasamu bila kujijua, ni Kengele wao, amerudi. Vichwa vikaanza kwenda na mwendo. "Huyu atachota maji kabla hujaamka. Huyu atabeba, wala hatauliza mzigo unakwenda wapi. Watu wamekuja, mizigo imesimama juani! Nani anaongeza? Nani anaongeza?"

Maneno ya kwenye karatasi na maneno ya kwenye kreti la soda yalikuwa yamechanganyika, hata yeye hakujua mpaka uko wapi. Mwanga ulikuwa mzito kama asali. Na Mama Viti akaona. Aliona stoo imefagiliwa. Aliona viti vinapakiwa na kupakuliwa na mtu asiyeonekana uso, mgongo tu, mgongo mzuri, asiyechelewa, asiyedai, asiyeugua siku ya harusi. Aliona turubai linakunjwa lenyewe. Alipumzika kidogo ndani ya picha ile, kama mtu anayeweka mzigo chini baada ya safari, na ilikuwa raha.

"Mama pale nyuma, nimekuona!"



Mkono wake ulikuwa juu. Si kwamba aliuinua, ulikuwa juu. Watu waligeuka. Mstari wa mbele muuza samaki naye alikuwa na mkono uliofika begani, akaugeuza upesi akajikuna kichwa, na hakuna aliyedanganyika. Lakini wa Mama Viti ulikuwa umenyooka wote, kiganja wazi, na aliutazama kama mkono wa mtu mwingine, na haukushuka.

Kengele alikuwa amekwisha kushika mpini. Mkono ukionekana umeonekana; kiwiko chake kilijua kinachofuata, kilifanya hivyo maisha yake yote. Kengele ilikwisha kunyanyuka kutoka mezani. Ndipo mkono wake wa pili ukaachia karatasi, ukaingia ndani ya kengele, ukakamata ulimi wake. Shaba ikagonga nyama, haikulia.

Alisimama hivyo. Karatasi ilianguka, Mkutubi akaiokota, akaishika mbele ya macho ya Kengele.

"Shusha mkono, shemeji," alisema Kengele, kwa upole.

Ukashuka.

Akamalizia fungu. Sauti ilikuwa imepasuka, inatoka vipande vipande, lakini hakuna aliyesema hasikii, maana hakuna aliyekuwa anapumua. "Mkono mmoja uliinuka," alisoma. "Mmeniuliza, ninyi mliokaa hapa, ni mtu gani yule aliyeinua mkono. Mnataka niwaambie alikuwa shetani. Hakuwa shetani. Alikuwa mtu mwenye shughuli zake, aliyetaka kazi zake ziishe mapema." Hakuinua macho kutoka kwenye karatasi. Mtu mwingine angemtazama. Yeye hakumtazama, na Mama Viti alilitambua hilo, akaliweka moyoni.

Jumamosi asubuhi viti vilikuwa sokoni, vimesimama nguzo nguzo. Utani nao ulikuwa umewahi kufika. "Mama Viti!" aliita muuza samaki kutoka kwenye meza yake. "Yule mtu wako umemfikisha nyumbani salama?"

"Nimemkuta na wako njiani," alijibu. "Walikuwa wanakuna kichwa pamoja."

Watu walicheka, naye hakucheka.

Kengele alikuja, maana ahadi ni deni. Alipanda juu ya kreti. Aliweka kiganja juu ya nguzo ya kwanza, akafumba macho, akafungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa upepo. Akanywa maji ya vuguvugu. Upepo tena. Umati ulingoja kwa heshima kidogo, kisha ukaanza kutazama pembeni. Mama Viti akapanda kreti mwenyewe.

"Viti vizuri! Imara! Vyeupe!"

"Mama," alisema mtu mmoja, "na sisi tuna macho."

Hakuna mkono ulioinuka. Jioni viti vya mito vilipofika, mwenye navyo alifungua mlango wa stoo, akaona ilivyojaa, akapanda gari lake akaenda ng'ambo ya mji, kwa mkodishaji mwingine, ambaye harusi zote kubwa za msimu ule zilikwenda kwake na hazijarudi mpaka leo.

Siku moja kabla ya kisu, Mama Viti alibisha hodi. Fundi cherehani alimtazama juu ya mashine.

"Umekuja kama dada, au kama mfanyabiashara?"

"Kama mfanyabiashara. Dada atakuja kesho hospitali."

Kengele alikuwa mezani, amekatazwa hata kunong'ona. Hakuhitaji kuambiwa kilichomleta: deni la Jumamosi. Alinyanyuka, akachukua kengele juu ya kabati, akaiweka mbele ya mgeni, akaisukuma kwa vidole mpaka ikavuka katikati ya meza.

Mama Viti aliinyanyua, akaipima uzito, akaigeuza, akatazama ndani. Shaba nzuri. Mpini una ufa mdogo. Akaitia mkobani.

"Umeichukua kweli?" alisema fundi cherehani.

"Ameitoa."

"Dada, hicho ni chombo cha mtu!"

"Ndiyo maana nimekichukua. Mtu akikulipa ukamkatalia, umemwambia hana kitu." Akasimama, akafunga mkoba. "Ningeweza kumsamehe. Angeniangaliaje kesho?"

Mke wa Kengele aliapa baadaye kwamba nyusi za mumewe zilicheka.

Sauti ilirudi, ndogo. Si ya mtu mwingine. Ni yake, ila imevuliwa viatu. Haifiki ng'ambo ya meza. Unadi umekwisha. Siku hizi anakaa barazani kwa mke wake kuuza vitambaa na mashuka, na mteja analazimika kuinama amsikie. "Akishainama," Kengele anasema, "nusu ameshanunua." Jioni anakaa na mke wake, naye anaongea, anaongea mno, miaka yote ya ububu inatoka kwa mnong'ono, fundi cherehani analalamika kwamba mashine inamzuia kusikia, na anaisimamisha.

Mama Viti amebaki na viti vyake vilivyopauka, na wateja wanaoridhika na viti vilivyopauka. Wapo, ingawa hawana harusi kubwa. Kengele ya shaba inaning'inia kwenye mlango wa stoo, ulimi umefungwa kwa kipande cha kitambaa. Watu wamemtaka aiuze. Bado hajafika mtu wa bei.

Alichopoteza hasa anakijua yeye na shemeji yake. Sokoni kuna dalali mpya, kijana mwepesi, na siku moja kijana huyo alileta jenereta, ndogo, safi, ya kutosha spika mbili. Mama Viti alikuwa ameitafuta tangu Ijumaa ile. Alikuwa na pesa. Alisimama nyuma, Kengele ubavuni mwake, bei ikapita mahali pazuri kabisa, pa kuokota, na mkono wake ulikuwa mfukoni. Aliutaka uinuke. Ukakaa kwanza. Ulipoanza kutoka, jenereta ilikuwa imekwisha kuwa ya muuza samaki.

Kengele aliinama sikioni. "Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa naulizana na mkono."

"Umesema nini?"

"Ulikuwa bado unafikiri," alisema Mama Viti kwa hasira, na wakarudi nyumbani mikono mitupu.

Kwa hiyo Ijumaa ya usomaji umeme ukikatika, unakatika, na wasomaji wanamaliza kwa makoo yao. Fungu la mnada siku hizi anasoma Kengele kwa mnong'ono wake, na watu wanabeba viti vyao kusogea, mpaka ua wote umejikusanya kuizunguka ile meza ndogo, kichwa na kichwa, mikono imelala magotini. Viti Mama Viti anavitoa bure. Turubai, Mkutubi analipia.